Nimpe binti yangu hela ya nguo, au niendelee kumnunulia?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Newala. Binti yangu mkubwa ana miaka 15, yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Kabla ya Id nilimpa shilingi 30,000 aende na mwenzake sokoni akanunue gauni. Akarudi na raba nyeupe. Siku ya Id akavaa gauni la mwaka juzi, linambana, na raba miguuni. Baba yake alikasirika sana, anasema mtoto hapewi hela, mtoto ananunuliwa. Wifi yangu aliyeko Dar es Salaam ananishauri kinyume: nimpe bajeti yake ya nguo kabisa, ajipangie mwenyewe, ndivyo anavyofanya kwa wanawe. Lakini wifi na mumewe ni waajiriwa, mshahara unaingia kila mwezi. Sisi tunaishi kwa korosho, na mimi nina genge la mboga na dagaa. Nimpe kiasi gani? Kwa mwezi au kwa mwaka? Na akirudia yale ya raba je?"

Marahaba, mama. Unisamehe, nimecheka niliposoma habari ya raba. Nilifundisha sayansikimu miaka mingi mkoani Lindi, sasa nakaa na vikundi vya VICOBA vya akina mama, vile vya kuweka na kukopa, na kisa hiki nimekisikia kwa sura nyingi. Mara ni raba, mara ni wigi, mara ni jinzi iliyochanwa magotini tangu kiwandani, na mama akaishona yote kwa uzi mweusi akidhani imetatuka. Hakuna mtoto niliyemwona ameharibika kwa hayo.

Unadhani ulimpa binti yako bajeti ikakushinda. Hukumpa bajeti, ulimtuma sokoni. Anayetumwa huleta alichotumwa, na kwa hilo baba yake ana haki ya kukasirika. Ila binti naye alikuwa na hesabu yake. Gauni la Id atalivaa siku moja, na kwenye harusi mbili tatu. Raba atazivaa kila wiki. Mtu asiyejua lini atashika tena hela ya nguo mkononi, akiipata mara moja hununua kile anachojua mama hatakinunua kamwe. Wewe na mimi tungefanya hivyohivyo. Mawazo hayo hayaondoki kwa kumnyima hela. Yanaondoka akishajua kwamba hela nyingine inakuja, siku inajulikana, kiasi kinajulikana, na hatahitaji kubembeleza.

Ugumu uko hapo, maana nyumba yako haina mwisho wa mwezi kama ya wifi yako. Yeye anaweza kusema "kila mwezi 10,000" na ikawa. Wewe ukisema hivyo umeahidi hela ambayo mwezi wa tano haipo. Korosho tunaanza kuokota Septemba hivi, minada inafunguliwa Oktoba, na hata ukishapeleka kilo zako chama cha msingi cha ushirika bado zinakwenda ghala kuu, zinasubiri mnada, ndipo malipo yaingie benki. Mnauza kwa mafungu na mnalipwa kwa mafungu, na Februari ikifika fungu la mwisho limeshaingia na pengine limeshatoka. Kutoka hapo genge lako ndilo linalolisha nyumba. Mtoto wa miaka 15 aliyekulia Newala anayajua haya, ameokota korosho tangu akiwa darasa la pili. Usimfiche.

Kwa hiyo ipe bajeti yake miguu miwili. Mguu mkubwa utoke kwenye korosho: fungu la mara moja kwa mwaka, la vitu vikubwa. Mguu mdogo utoke gengeni: hela kidogo kila wiki, ya vitu vidogo. Nipige mfano, bei na viwango utabadilisha mwenyewe. Mkikubaliana 60,000 ya korosho na 1,000 kila Jumamosi, kwa wiki 52 ile ya genge inafika 52,000, na mwaka mzima ni 112,000. Kama buku, yaani hiyo 1,000, ni kubwa kwa genge lako, toa jero, 500. Itakuwa 26,000, na jumla 86,000. Usione haya kwa udogo wake. Angalia tu Jumamosi isipite.

Kiasi chenyewe msikivute hewani. Jioni moja mwageni begi lake la nguo kitandani, muhesabu wewe na yeye. Kila kipande mlichomnunulia tangu Id ya mwaka juzi kilikuwa shilingi ngapi? Hutakumbuka vyote, lakini utashangaa. Karibu kila mama niliyefanya naye zoezi hili amekuta alikuwa akitoa zaidi ya alivyodhani, kidogokidogo: kiblauzi cha 3,000 mnadani, kandambili za 2,500, kitambaa cha sare ya harusi ya binamu. Hicho ulichokuwa ukitoa bila kujua ndicho kiwango chako. Hela ni ileile, inahama mkono tu.

Halafu mgawane majukumu, na hapa sina utani. Kuna vitu havipaswi kuingia kwenye bajeti ya mtoto wa kike hata awe hodari wa hesabu kiasi gani: sare na viatu vya shule, soksi, sweta (baridi ya Newala ya Juni na Julai watu wa Mtwara mjini hawaijui), nguo za ndani, sidiria na pedi. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu 2016, lakini sare imebaki juu ya mzazi, na Januari haijawahi kuchelewa. Hivi ni vyako na baba yake, nukta.

Nieleze kwa nini. Ukimwachia binti achague kati ya pedi na hereni, ipo siku atachagua hereni, halafu siku zake zikifika ataona aibu kukwambia. Msichana mwenye aibu hiyo ndiye anayenunuliwa chipsi mayai na kijana wa bodaboda leo, kesho ananunuliwa sidiria, keshokutwa anadaiwa. Nalisema wazi kwa sababu unajua msimu wetu ulivyo. Hela ya korosho ikishashuka, mji unajaa watu wenye noti mfukoni na maneno ya asali. Nimekaa na wasichana walioacha shule kwa mimba. Ukiwauliza ilianzaje, huwa husikii habari ya gari wala simu ya bei kubwa. Ilianza na kitu cha elfu tatu.

Ndiyo maana naipenda hela ya Jumamosi kuliko ile kubwa. Kama binti yako amepita unyagoni kama wengi wa huko, kungwi alimfundisha kukaa, kusalimia, kujitunza akiwa katika siku zake. Habari ya hela hakugusa, maana mafunzo yale yaliwekwa enzi ambazo mwari hashiki hela. Huyu wa leo anashika, na asipopewa na wewe atapewa na mwingine.

Upande wake ubaki na gauni la Id, nguo za kutokea na za nyumbani, raba, kandambili, hereni, mkoba, ushungi wa ziada wa rangi anayoitaka yeye. Kuhusu heshima ya mavazi, semeni kabla hela haijatoka. Mwambie mipaka yenu waziwazi: urefu wa gauni, kinachofaa madrasa, kisichovaliwa mbele ya babu yake. Ndani ya mipaka hiyo, rangi mbaya ni yake, mtindo wa ajabu ni wake. Ukianza kumkatalia nguo baada ya kuinunua kwa sababu tu wewe huipendi, umeirudisha bajeti mikononi mwako.

Sasa nije kwenye lililonifanya nijibu kwa urefu huu, maana hukuliuliza. Umeuliza kama binti ataharibu. Mara nyingi anayeharibu ni mzazi.

Kijana wangu wa pili alipokuwa na miaka 14 nilimwekea utaratibu wa namna hii. Hela yake niliitunza mimi, kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Mwezi wa saba mikorosho ikaanza kutoa maua, ugonjwa wa ubwiri unga ukaonekana, salfa ya kuupulizia haitoshi, na lile kopo likawa linanitazama. Nikachukua 15,000, nikajiambia nitarudisha korosho zikiuzwa. Nilirudisha kweli, tena nikaongeza. Lakini katikati hapo alikuja kuomba hela yake akanunue shati la mahafali ya rafiki yake, nikamwambia subiri. Hakusema neno. Tangu siku ile, chochote nilichompa alikimaliza kabla jua halijazama: mkanda, kofia, miwani ya jua yenye kioo kinachodondoka. Nikamwita mfujaji mbele ya ndugu zake. Ilinichukua zaidi ya mwaka kutambua kwamba alikuwa akiikimbiza hela yake isirudi kwangu.

Hela ukishasema ni yake, ihesabu kama deni la kikundi. Unajua jinsi mama wa VICOBA anavyolihangaikia rejesho siku ya kukutana. Hangaika vivyo hivyo. Ikitokea shida ya kweli, mkopeshane kwa adabu: mwombe, andika kiasi na tarehe ya kurudisha kwenye daftari lake, na siku hiyo irudishe hata kama hajakumbusha. Msimu nao ukianguka, mwite umwambie, usimpige chenga. Mnaikumbuka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa 3,300 kwa kilo, na kaya nyingi zikakaa miezi zikingoja uhakiki na malipo. Mwaka kama huo fungu la 60,000 linaweza kuwa 20,000, na mtoto ataelewa, mradi aambiwe Desemba na asije kugundua mwenyewe siku ya kwenda sokoni. Hela yenyewe ikae kwenye kibubu cha fundi seremala, chumbani kwake. Kopo la juu ya kabati achana nalo.

Baba yake usimzunguke. Usimpe binti bajeti kwa siri halafu mzee ashtukie kwenye nguo. Mwambie kwamba alichosema ni kweli kwa upande mmoja: vitu vya shule na vya stara vitaendelea kununuliwa na wazazi. Kisha umwombe lile fungu la korosho alitoe yeye, kwa mkono wake, mbele yako, na ataje kiasi kwa sauti. Nimeona wazee wagumu wakilainika kwa hilo. Mtu akishakabidhi hela kwa mkono wake hupenda kuona imefanya nini, na binti naye huogopa kuifuja hela ya baba kuliko hela isiyo na uso.

Wifi yako na bibi wa binti waelezwe pia. Shangazi akituma kifurushi cha nguo kwa basi, ni zawadi, kisikatwe kwenye bajeti. Ila bibi aache kumchomekea noti kila anapolia kwamba hana cha kuvaa, angalau kwa mwaka huu wa kwanza.

Fungu la korosho lisiliwe lote Desemba. Mwaka 2025 Id el Fitri ilikuwa mwisho wa Machi, na kila mwaka inarudi nyuma siku 10 hadi 12. Kwa miaka hii inatukuta hela imeshakauka. Mungu akitujalia kufika 2031 itaangukia Januari, tutapumua. Kwa sasa, ile 60,000 igaweni siku ileile ya kukabidhiwa: tuseme 35,000 ya kutumia, 25,000 ya Id iingie kibubuni. Yeye mwenyewe aitie. Na kama atashonesha, kitambaa kifike kwa fundi kabla Ramadhani haijaanza. Fundi cherehani wa wiki ya mwisho ya mfungo ana ahadi nyingi kuliko mashine.

Mara ya kwanza nenda naye sokoni, ukae nyuma, ukae kimya. Hili la kukaa kimya ndilo gumu. Atafika kwenye mitumba siku mzigo unafunguliwa, atalipa bei ya juu, wiki mbili baadaye ataona nguo za mzigo uleule zinaitiwa "buku, buku" na mwisho jero. Mwache aone. Mfundishe mambo machache tu ya mikono: kugeuza nguo ndani nje, kutazama kwapa na kola, kupandisha na kushusha zipu mara tatu, kuvuta mshono wa paja kwa vidole viwili, kuinua kitambaa kwenye mwanga kuona kama kimelika. Madoa ya kola huwa hayatoki, asidanganywe na muuzaji. Kitufe kilichopotea si kasoro, ni punguzo. Kinashonwa nyumbani kwa dakika tano, na kama hajui kushona kitufe basi hapo pana somo la kwanza kabla ya bajeti yenyewe. Wanafunzi wangu waliojua kukunja pindo na kubana kiuno cha sketi walikuwa wanavaa vizuri kwa nusu ya hela ya wenzao.

Kuna bei nyingine haiandikwi kwenye nguo. Huko juu kwenu maji yana historia ya kusumbua, na mwaka wa ukame ndoo inanunuliwa. Nguo nyeupe, raba zikiwemo, inakunywa maji na sabuni kila wiki kwa vumbi lile. Mwachie azifue mwenyewe, sabuni ya kuongezea itoke kwenye buku lake. Huhitaji kumhubiria kuhusu rangi nyeupe tena. Na atenge mapema moja kati ya magauni yake makuukuu kuwa la shambani, maana doa la bibo, lile tunda la korosho, likishashika nguo halina dawa. Oktoba usimkute anaokota korosho na blauzi ya 8,000.

Atakosea, hilo lipange kabisa. Atanunua kiatu kidogo kwa sababu ni kizuri, atapenda gauni la nailoni ambalo kwa joto la Mikindani siku mkienda harusini litamlowesha jasho. Kanuni yangu ni moja: hakuna kutanguliziwa hela ya mbele, na hakuna kumfidia. Jumamosi ijayo iko palepale, Desemba iko palepale. Ila tofautisha kukosa raha na kukosa stara. Akikosa gauni jipya la harusi, avae la zamani na doti ya kanga yako. Viatu vya shule vikichanika katikati ya mwaka, nunua bila hotuba, hivyo viko upande wako.

Nguo aliyonunua kwa hela yake ni yake. Usimpe binamu aliyekuja kutembea bila kumuuliza, wala usimrithishe mdogo wake kabla hajaamua mwenyewe. Wazazi wengi hatulioni hili kama jambo, na watoto hawalisahau.

Kuhusu kuanza, usisubiri korosho. Mguu mdogo uanze Jumamosi hii, kutoka gengeni. Mguu mkubwa usubiri Desemba, akiwa amemaliza mtihani wa taifa wa kidato cha pili wa Novemba, shule zimefungwa, na malipo ya minada ya mwanzo yameshaingia. Miezi hiyo katikati utakuwa umeshaona kama Jumamosi zako zinasimama. Zikiyumba tatu mfululizo, usimkabidhi lile fungu kubwa kwanza. Rekebisha upande wako.

Mnunulie daftari la mraba, lile la kurasa chache. Mstari wa kwanza aandike yeye, kwa mwandiko wake: raba nyeupe, 30,000. Pembeni aweke alama ya kalamu kila siku anapozivaa. Asizuiwe kuzivaa, wala zisitajwe tena mezani. Mkikaribia Id nyingine, kabla hajavunja kibubu, alama hizo azihesabu yeye, akiwa na baba yake.